Spika za zamani ni bora kweli, au ni mapenzi ya wimbo?

Wakuu, hebu tuamulieni. Mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, tunachangishana tupate muziki wa shughuli. Wazee wanataka pesa iende kwa fundi akafufue amplifaya ya zamani na maspika yake ya mbao. Vijana wanataka spika mpya za kuchomeka flashi. Kikao cha juzi kimevunjika.

Mimi nasema wazee hawaisifii amplifaya, wanausifia ujana wao.

Jumapili nilimkalisha mjomba barazani, kageukia ukuta. Nikampigia taarabu ya Black Star, kundi la zamani la hapa Tanga alilokuwa akiimba Shakila, wimbo ule ule, kwanza kwenye spika mpya, kisha kwenye zile za mbao. Akaruka: "Hiyo ya pili! Sikia sauti ya Shakila ilivyo nzima!" Kumbe za mbao nilizifungulia sauti kidogo zaidi, makusudi. Muziki ukiwa chini, sikio linapoteza besi mapema kuliko sauti za kati. Watafiti wa sauti, Fletcher na Munson, walilipima hilo Marekani mwaka 1933. Ongeza kidogo tu, muziki unanenepa, mtu anadhani spika ndiyo nzuri. (Wauza spika mchezo huo wanaujua, waulizeni.) Nikasawazisha, nikarudia. Safari hii akachagua mpya, kisha akanituma nikakague waya! Nikaweka wimbo wa Kichina asioujua. Akasema zote sawa, zima tunywe kahawa.

Semeni.

Mdau wa Makorora: Mkuu, umemwonea mzee wa watu. Black Star ndio walioingiza gitaa la besi kwenye taarabu ya Tanga. Aliyewasikia ukumbini anajua besi ile ilivyokuwa ikitembea, kwa hiyo anajua spika imekula nini. Huo wa Kichina atajuaje kilichopungua? Hata mafundi mitambo wanapimia nyimbo walizozizoea. Unayaita mapenzi, mimi nayaita kipimo.

Mama Shughuli: Mnabishana besi, mmetuuliza wenye shughuli? Mwaka jana shangazi kasoma risala, kipaza sauti kikapiga mluzi mpaka bibi harusi akaziba masikio. Taarabu tutaipenda hata ikitoka kwenye simu. Nunueni kipaza sauti kwanza.

Mleta mada: Dada, la kipaza sauti nalipeleka kwenye kamati, halina ubishi. Mdau, hapo kwenye wimbo uliozoeleka umenikamata, wa Kichina naufuta. Ila mzee huyo huyo anayeijua besi kadanganywa na kitufe cha sauti, tena kwa wimbo anaoupenda kuliko zote. Wimbo ulipomgusa, masikio yakaenda likizo. Na mimi simo salama: nina spika moja mbovu siitupi, ndiyo niliyosikilizia nyimbo za harusi yangu.

Ijumaa baada ya Isha tunarudia. Nyimbo atachagua mjomba, kitufe cha sauti atashika mtu wa Makorora.