Mafundi kompyuta wa Kigoma, nani kawaambia kila ugonjwa dawa yake ni kupiga Windows?

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, mwenye moyo mwepesi apite tu. Mods, naomba uzi usihamishiwe jukwaa la vichekesho, maana mwanzo wake unachekesha kweli, ila mwisho wake nimeliwa hela.

Kazi yangu ni video. Harusi, sendofu, kipaimara, maulidi, misiba ya wakubwa, popote penye watu na mwenye kulipa. Nipo Kigoma mjini, Mwanga. Ofisi ni chumba kimoja, feni moja ya juu na mashine moja ya mezani. Ile mashine ikilala, watoto wangu wanalala na uji.

Mashine hiyo niliundiwa Kariakoo mwaka 2021. Prosesa (ubongo wa mashine) Core i7-10700K, RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 32, kadi ya picha ya wastani, na kile kitu kilichonichanganya akili: kupoza kwa maji. Rejeta yenye feni mbili juu ya keisi, mipira miwili myeusi, na kofia yenye taa imekaa juu ya prosesa. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hii ya maji haijui joto, huko kwenu Kigoma utaisahau." Nikalipa 2,800,000. Hakuniambia kwamba ndani ya ile kofia kuna pampu inayozunguka muda wote mashine ikiwa imewashwa, na pampu ni pampu, ina siku zake. Hakuniambia kwamba hata mfumo ukiwa umefungwa, maji yanapungua kidogo kidogo kwa kupenya kwenye mipira, mpaka miaka inafika pampu inameza hewa badala ya maji. Alichoniambia ni kwamba taa zinabadilika rangi kwa rimoti.

Kosa langu nalitaja mapema ili msije kunisimanga huko chini. Kwa miezi miwili nilikuwa nasikia mlio ndani ya keisi nikiwasha asubuhi, kama mzee anasukutua. Nikapandisha sauti ya muziki. Basi. Hilo ni langu.

Sasa sikilizeni. Narenda, yaani naitoa video iliyokamilika, sendofu ya watu wa Ujiji, saa tatu na nusu za video, mashine inafika dakika ya kumi na mbili inazima. Pu! Nawasha, inatoa maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, "CPU Fan Error", nabonyeza F1, inaendelea, narenda, inazima tena. Shangazi wa bibi harusi anapiga simu mara tatu kwa siku, na nyie mnawajua mashangazi wa Ujiji, hapigi kuuliza, anapiga kukusomea.

Nikapeleka kwa fundi. Simtaji, yeye mwenyewe akisoma atajijua.

Hakufungua hata kifuniko. Kawasha, kaangalia, kasema "Windows imechoka". Elfu 30. Siku ya pili naichukua, yale maandishi meupe hayapo tena. Wakuu, nilimshukuru! Nilimpa na ya soda! Nikaja kujua baadaye alichofanya: aliingia kwenye BIOS, ile menyu ya mashine yenyewe kabla ya Windows, akaiambia mashine isijali tena feni ya prosesa. Yaani mgonjwa analia "naumia hapa, hapa", daktari anamziba mdomo kwa plasta, kisha anakudai hela ya matibabu.

Ikazima tena. Nikarudisha. "Basi ni RAM hizo." Akabaki nayo siku tatu anazipima, elfu 40. Ikazima. "Pawasaplai haibebi," yaani kile kiboksi cha kugawa umeme ndani ya mashine. Tukabadilisha, 130,000. Nikasema safari hii tuijaribu hapahapa dukani kwako. Ikazima mbele ya macho yake. Unajua kasema nini? "Umeme wetu wa Kigoma huu, bro." Kweli sisi tumekaa miaka mingi kwa majenereta na umeme wetu tunaujua, lakini mashine imekaa kwenye UPS, ile betri ya akiba, mbona UPS yenyewe haijalia hata mara moja? Kanyamaza, kaanza kujibu meseji.

Laki mbili kamili. Siku 16. Na katika siku hizo zote huyu bwana hakupima joto hata mara moja. Hata kuweka mkono hakuweka. Fundi gari wa chini ya mwembe, gari likichemsha, kitu cha kwanza anafungua boneti. Huyu wa kwangu na kiyoyozi chake ofisini, boneti hajaigusa.

Aliyenitoa gizani ni mpwa wangu, kijana wa mwaka wa pili chuo huko Dodoma. Nampigia kumlalamikia tu, ananiuliza, "Mjomba, joto linasoma ngapi?" Nikamwambia sijui. Akanyamaza kidogo, ule unyamavu wa mtoto anayekuheshimu. Akasema, "Washa, ingia BIOS, usiende Windows, kaa hapo uangalie namba."

Nikakaa. Kiti changu, chai yangu, na namba moja kwenye kona ya skrini. 52. Nikapepesa macho, 61. 70. 78. Mashine haifanyi chochote, hakuna video, hakuna Windows, hakuna hata picha ya ukutani, na joto linapanda kama bei ya mafuta. Ilipofika 90 nikazima mwenyewe kwa mkono. Hiyo prosesa mwisho wake ni nyuzi 100. Ikifika hapo inaanza kujipunguza mwendo ili ijiokoe, na joto likizidi kupanda inajizima kabla haijaungua. Kumbe mashine yangu ilikuwa na akili kuliko wote waliokuwa wameizunguka, mimi nikiwemo.

Halafu akaniambia, "Fungua ubavu wa keisi, shika ile kofia, halafu shika rejeta." Kofia ya moto, sikuweza kuhesabu mpaka tatu. Rejeta? Baridi kama mtungi wa bibi. Feni zake mbili zinapuliza kwa nguvu zote kupoza kitu ambacho hakijawahi kupata joto. Maji hayatembei. Kwenye BIOS mistari miwili chini ya ile namba ya joto, pampu inasoma mizunguko sifuri. Sifuri, wakuu. Imeandikwa. Haihitaji digrii, haihitaji programu ya kununua, haihitaji hata intaneti. Dakika nne. Na ukitaka kuangalia ukiwa ndani ya Windows kuna programu kama HWMonitor, ya bure, inakuonyesha joto na mizunguko yote pamoja.

Hapa ndipo ningeishia, ningekuja kuandika uzi wa furaha. Lakini mimi ni mbishi, nikatafuta fundi wa pili, huyu ana mabango ya gemu mlangoni, nikaambiwa "huyo ndiye wa maji". Nikamweleza kila kitu: pampu imekufa, mizunguko sifuri, nataka ibadilishwe. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Pampu haijafa, maji yameisha. Tunajaza."

Kajaza. Mfumo uliofungwa kiwandani, usio na mahali pa kujazia, kaufungua kwa kisu, kamimina maji ya bomba na kulanti kidogo ya gari, ile ya kijani, "kupata rangi". Kaziba kwa silikoni ya kuzibia injini. Maji yetu ya bomba hapa mjini yanatoka Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa lile yana madini, kila mwenye birika la umeme anaijua ile koga nyeupe kwenye chuma. Sasa kofia ile chini yake ni shaba, rejeta ni aluminiamu. Yale maji ya kiwandani yanawekewa dawa makusudi ili hayo madini mawili yasilane na uchafu usiote. Yeye kayamwaga kwenye ndoo ya kudekia.

Na bado pampu haikuzunguka! Maana tatizo halikuwa maji! Nilisema!

Nikaibeba nyumbani kwa bajaji, na ile barabara mnaijua. Nawasha jioni, naona tone la kijani limening'inia kwenye ncha ya mpira, limenenepa, linatetemeka na upepo wa feni. Kabla sijafika kwenye swichi likaanguka. Juu ya kadi ya picha. Skrini ikafanya mistari ya zambarau, ikawa nyeusi, na kadi haijaamka mpaka leo.

Wakuu, meli ya Liemba hapo ziwani, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 Waingereza wasiipate. Ikakaa chini ya maji, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Wanasema kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nzito ili isile kutu. Yaani watu walioizamisha meli makusudi, wakiwa vitani, walikuwa na uangalifu kuliko fundi niliyemlipa aniokolee kompyuta.

Sendofu ya watu nimemalizia kwenye mashine ya rafiki yangu mwenye stationery, usiku, yeye akifunga duka mimi naingia. Siku nne. Shangazi kalipa nusu, na kwa jinsi alivyonisomea nikaona hiyo nusu ni zawadi.

Mwisho nimefunga mwenyewe. Nikaagiza Dar kipoozeo cha kawaida, kile cha mnara wa mapezi na feni moja kubwa, 115,000 pamoja na nauli ya basi. Hakina maji, hakina pampu, hakina taa. Mpwa yupo kwenye simu ya video ananielekeza. Kwa wenye mazabodi (ubao mkuu wa mashine) kama yangu, yenye soketi ya prosesa ya LGA1200: matundu ya kufungia ni yaleyale ya LGA1155, 1150 na 1151, kwa hiyo kipoozeo cha zamani kinaweza kuingia, msikubali kuambiwa hakipatikani. Ila msiwekewe kile kifeni kidogo cha kwenye boksi la i3, prosesa ndogo. Prosesa hii ni ya wati 125 na inauzwa bila feni kwa sababu hiyohiyo. Fundi wa kwanza alitaka kunibandikia kimoja kwa elfu 25, nashukuru Mungu siku hiyo sikuwa na chenji.

Nilipoing'oa ile kofia ya zamani nikaifungua kwa udadisi. Ndani kuna mapezi ya shaba membamba kuliko meno ya kitana, maji yanatakiwa kupita katikati yake. Hakuna kilichokuwa kinapita. Yamejaa ute wa kijivu, mzito, kama ugali wa muhogo uliolala, na juu yake ule ukijani wa kulanti. Nimeuchokoa kwa pini. Nimepiga picha.

Leo inasoma 39 ikiwa imetulia na 76 nikirenda, mchana, na joto la Mwanga mnalijua. Kadi ya picha nimechomoa, natumia picha inayotolewa na prosesa yenyewe, skrini nimechomeka kwenye mazabodi. Kazi zinakwenda, taratibu.

Nimekwenda kudai. Wa kwanza kasema pawasaplai mpya ninayo, kwa hiyo hajanidhulumu. Wa pili kasema kadi ilikuwa na ugonjwa wake. Muuzaji wa Kariakoo nilipompigia kuhusu hiyo pampu kaniambia niipeleke mwenyewe dukani aiangalie. Reli tu ni zaidi ya kilomita 1,200, kaka. Niipakate?

Na wale wa "hamia laptop" na "kwa nini hukununua Mac", naomba leo mnipishe.

NYONGEZA, saa nne usiku: Kuna mkuu hapo chini kaniuliza kwa nini kurenda kunachukua muda mrefu hivyo kwa GB 32, nikamjibu kwa dharau. Nimekwenda kuangalia. Inasoma GB 16. Nikafungua ubavu: nilipeleka RAM nne, zipo mbili. Matundu mawili yako wazi na vumbi limeshaanza kukaa. Zile siku tatu za kupima zimenielea sasa.

Fundi wa kwanza, najua humu unaingia, ulishawahi kunitumia linki. Zile RAM zote nne nilizitia nukta ya rangi ya kucha ya mama watoto, nyekundu, upande wa nyuma penye stika. Usijisumbue kuifuta, asetoni inakula na maandishi. Kesho saa mbili kabla hujafungua nipo mlangoni kwako, na shangazi wa Ujiji kasema atanisindikiza.