Programu ya madeni ya duka la mama: SQL iishi wapi?

mtoto_wa_kadutu

Jambo bakubwa. Niko mwaka wa pili wa informatiki hapa Bukavu. Mama ana duka Kadutu, pembeni ya soko: maharage, unga, mafuta ya mawese, sabuni, chumvi. Madeni anayaandika kwenye daftari, na mtu akilipa anachora mstari juu ya jina. Likizo hii nikajitia ujuaji, nikamwambia nitamtengenezea programu. Natumia lugha ya Python na SQLite, hifadhidata ya faili moja inayoongeleshwa kwa lugha ya SQL, maana mashini yangu ni ya mkono wa pili, umeme ukikatika betri haimalizi hata saa moja. Sikutaka habari za seva.

Sasa nina faili moja ya mistari 900 ambayo mimi mwenyewe naogopa kuifungua. Nilifuata urithi vile tulivyofundishwa, yaani klasi (kiolezo cha aina moja ya kitu) kuchukua sifa za klasi iliyo juu yake: Mtu juu, chini yake Mteja na Mletaji. Kisha Bidhaa, Mauzo, Deni. Kila klasi ina metodi (kazi inayojua kuifanya) ya kujihifadhi, na kila metodi inafungua muunganisho wake na hifadhidata, inaandika, inafunga. Madirisha nayo yana SQL nyuma ya vitufe, kwa sababu kuna siku nilikuwa na haraka.

Yaliyonipata wiki hii ni haya. Kuna mama mmoja, tumuite M'Fulani. Akichukua kitu kwa deni, programu inaanguka. Nabonyeza tena, inaanguka tena. Baadaye nikaangalia: mauzo yameingia mara tatu, deni hakuna hata moja. Na kwetu majina yenye M' ndiyo yamejaa, sitaweza kuwakataa wote.

La pili: nikishabadilisha bei kwenye dirisha la bidhaa, halafu niende kuuza, inaganda kidogo kisha inasema hifadhidata imefungwa.

La tatu ndilo lililonitia aibu. Huyo huyo M'Fulani anatoka Kabare. Asubuhi anamletea mama maharage, mchana anarudi kwao na bidoni ya mafuta kwa deni. Mama akasogea kwenye skrini, akaniuliza: "Mbona kwenye mashini yako huyu ni watu wawili?" Kweli, yuko Mletaji namba 4 na yuko Mteja namba 31. Mama anamdai franka 30,000 za mafuta, yeye anamdai mama dola 12 za maharage, na programu haina habari kwamba ni mtu mmoja.

Swali langu: SQL iishi wapi? Ndani ya klasi, ndani ya dirisha, au pengine? Na je, kila jedwali lazima liwe na klasi yake?

shaba_tupu (Lubumbashi)

Mdogo wangu, unajitesa bure. Chukua SQLAlchemy, maktaba ya Python, itakuandikia SQL yote, wewe ubaki na klasi zako tu. Mimi INSERT, amri ya kuingiza data, kwa mkono nilishaisahau.

yaya_wa_nguba

Ndugu wa Lubumbashi, SQLAlchemy ni chombo kizuri, hata mimi naitumia kazini. Lakini ugonjwa wa huyu hauko huko. Akiiweka leo, M'Fulani atabaki watu wawili, ila watu wawili walioandikwa kwa ustadi. Mwache aandike SQL yake kwanza aijue, hicho chombo atakikuta.

Mdogo wangu, funga mashini. Omba daftari la mama, fungua ukurasa wa siku yenye pilikapilika, usome mstari mmoja. "M'Fulani, mafuta bidoni 1, 30,000, Jumanne." Hapo kuna mtu, kuna kitu, kuna kiasi, kuna siku. Umeona neno "mteja" popote? Mama hana wateja na waletaji, ana watu. Anachoandika ni nani kachukua nini na nani kaleta nini. Kuwa mteja ni jambo ambalo M'Fulani alilifanya mchana ule, asubuhi alikuwa analifanya jingine. Kwa hiyo futa Mteja, futa Mletaji, bakiza Mtu mmoja mwenye namba moja. Upande uwekwe kwenye tukio: Mauzo yana mtu, Manunuzi yana mtu, na mtu huyo anaweza kuwa yule yule siku ile ile. Urithi unafundishwa mapema kwa sababu unachoreka vizuri ubaoni, mbwa na paka chini ya mnyama. Dukani utakaa miezi bila kuuhitaji.

Sasa SQL. Jipime hivi: ukiiondoa faili ya SQLite kwenye mashini, je, klasi Deni bado inajua kujumlisha na kutoa? Kwako haijui, maana kila ikitaka kupumua inaomba muunganisho. Deni ijue mambo ya deni: kuongezwa, kulipwa, kukataa malipo yanayozidi. Dirisha lijue vitufe. Halafu tengeneza klasi moja, mimi huiita Ghala, ambayo ndiyo peke yake inajua kwamba duniani kuna SQLite. Kitufe cha kulipa kiwe na hivi tu nyuma yake (FC ni franka za Kongo):

```
deni = ghala.leta_deni(mtu)
deni.lipa(Pesa(20000, FC))
ghala.hifadhi(deni)
```

Neno SELECT, amri ya SQL ya kusoma data, likionekana nje ya faili ya Ghala, kuna mahali umeteleza. Mimi hulitafuta kwenye mradi mzima kila nikimaliza kazi, kama mtu anayekagua milango kabla ya kulala.

Ghala lipewe muunganisho mmoja, unaofunguliwa programu inapoanza. Kule kufungwa kunatoka hapa: SQLite ni faili moja, na anayeandika ni mmoja tu kwa wakati mmoja. Nina hakika lile dirisha lako la bei linaandika bei mpya na kusahau kuthibitisha (commit), yaani kuiambia SQLite kwamba limemaliza kuandika. Limeshika kalamu, limekaa nayo. Mauzo yanafika na muunganisho mwingine, yanangoja. Python imewekewa sekunde tano za kungoja, zikipita, inagoma. Ndiyo ule mgando unaouona.

Kwa M'Fulani: unabandika jina ndani ya maandishi ya SQL kwa alama ya kujumlisha, siyo? SQL inafungia maneno kwa ritifaa, hii alama '. Inasoma M, inakutana na ritifaa, inadhani jina limeishia hapo, na "Fulani" inayofuata haielewi imetoka wapi. Weka alama ya kuuliza, `SELECT id FROM mtu WHERE jina = ?`, na jina ulipitishe pembeni. Tena mshukuru huyo mama. Angekuja mwenye nia mbaya angeandika SQL yake ndani ya kisanduku hicho hicho, na programu yako ingemtii.

Lakini kosa kubwa zaidi ni yale mauzo matatu yasiyo na deni. Mauzo yako yanajiandika na kuthibitisha yenyewe kabla deni halijajaribiwa. Bidoni ile na deni lake ni tendo moja, viingie pamoja au visiingie. Huo ndio muamala: Ghala lianze, liandike mauzo, lipunguze stoki, liandike deni, ndipo lithibitishe mara moja. Kikivunjika kitu katikati, vyote vinarudi nyuma. Hata umeme ukikukatikia katikati, SQLite ikifunguliwa tena inakuta kazi ambayo haikuisha na inaifuta yenyewe. Kwa betri yako hiyo, hii ni dawa.

Kila jedwali na klasi yake? Hapana. Vitu hivi havikulelewa nyumba moja. Objekti, yaani vitu vinavyotokana na klasi, zilianzia Norwe na lugha ya Simula miaka ya 1960, majedwali yalitoka kwa Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, na hakuna aliyewauliza kama watapatana. Pesa itakuwa klasi na haitakuwa na jedwali. Viwango vya kubadilisha dola kila siku vitakuwa na jedwali, na klasi havihitaji.

Na kimoja kinachowanasa wengi: SQLite haichungi funguo za kigeni (namba zinazofunga mstari wa jedwali moja na wa jingine, kama deni na mtu wake) mpaka uiambie, na inabidi uiambie kila unapofungua muunganisho, `PRAGMA foreign_keys = ON`. Usipoiambia unaweza kumfuta mtu na deni lake likabaki linazurura bila mwenyewe.

mtoto_wa_kadutu

Aksanti sana yaya. Dirisha la bei ni kweli, sikuthibitisha. Nimeona haya.

Mawili bado. Salio la kila mtu niliweke kwenye jedwali la mtu, ili nikitaka kujua anadaiwa ngapi nisome tu? Na hizi pesa mbili nazifanyaje? Nilikuwa nageuza kila kitu kuwa dola kwa kiwango cha siku, lakini mama anasema deni la juzi "limenyauka".

shaba_tupu (Lubumbashi)

Salio liweke. Kusoma namba moja ni haraka kuliko kujumlisha historia yote kila mara.

yaya_wa_nguba

Duka la Kadutu lina wateja mia ngapi, ndugu yangu? SQLite inajumlisha mistari elfu kumi kabla hujainua kidole kwenye kitufe. Mimi salio siliweki. Naweka maingizo: kachukua, kalipa, kachukua, kalipa. Salio linatokana na hayo. Ukiweka vyote viwili, siku moja vitapingana, na M'Fulani akisimama dukani na mkono kiunoni hutajua umuamini nani. Ukiwa na maingizo tu, unamsomea: Jumanne bidoni, Ijumaa ulilipa 10,000. Daftari la mama ndivyo linavyofanya. Na kujumlisha mwachie SQL ndani ya Ghala, SUM ipo kwa kazi hiyo; usivute mistari yote kuja kuihesabu kwenye Python ili tu klasi zako zionekane nadhifu.

Kuhusu pesa, mama ana haki. Mafuta aliuza kwa franka, basi deni ni la franka, wala halijageuka dola kwa sababu programu imependa. Tuseme asubuhi ile dola ilikuwa 2,800 na wewe ukahifadhi dola 10.71. Kiwango kikishuka hadi 2,500, deni lake limekuwa 26,775. Mama amepoteza zaidi ya 3,200 bila mtu kuingiza mkono kwenye droo. Ndiyo huko kunyauka. Hifadhi pesa iliyotajwa midomoni mwao siku ile. Ugeuze siku ya kulipa tu, ikiwa kalipa kwa pesa nyingine, na kiwango kilichotumika ukiandike kwenye ingizo lile lile la malipo. Usiseme utakitafuta baadaye.

Ndiyo maana niliandika Pesa(20000, FC) na siyo 20000 tupu. Klasi Pesa ibebe kiasi na aina, na ikatae kabisa kujumlisha dola na franka kama haijapewa kiwango. Kiasi kiwe namba kamili: franka kwa franka, dola kwa senti. Mimi nilipoanza niliandikia famasi moja programu yenye namba za nukta (desimali). Mwisho wa mwezi kukawa na senti chache za ziada ambazo hakuna aliyezileta. Nilikaa siku mbili nikimshuku mhesabu, maskini, naye akinishuku mimi, na sote hatukuwa na kosa la wizi. Iambie Python 0.1 + 0.2 uone inavyokujibu: 0.30000000000000004.

shaba_tupu (Lubumbashi)

Kwa franka na dola nimekubali, hata huku kwetu ni hivyo hivyo. Kwa salio bado tutabishana.

mtoto_wa_kadutu

Nimerudi baada ya siku nne. Zile 900 zimekuwa faili nne, Ghala ina mistari kama 200 na ndiyo ndefu kuliko zote. M'Fulani ni mmoja. Nilijaribu muamala kwa ukatili: nikaweka programu isinzie sekunde kumi kati ya mauzo na deni, nikachomoa betri. Nilipowasha, hakukuwa na mauzo, hakukuwa na deni, stoki iko vile vile. Nikarudia mara tatu kwa furaha tu, mpaka mama akauliza kama mashini imeharibika.

Ila jana limetokea jipya. M'Fulani kaja na maharage nusu gunia, kasema "haya ni ya yale mafuta", akaondoka zake. Hakuna pesa iliyoguswa. Niandike wapi?

yaya_wa_nguba

Manunuzi ya maharage kwa bei waliyopatana, na malipo ya deni kwa kiasi hicho hicho, mawili ndani ya muamala mmoja. Droo usiiguse. Kama bei hawakupatana, usiandike chochote mpaka umuulize mama.