Maziwa ya kukamua: ya friji au ya friza, yapi yaanze?

mama_k4
Habari zenu. Mtoto ana miezi minne, ananyonya tu, hajaanza chakula. Niko kazini masaa tisa, nakamua mara tatu, napata kama ml 300. Kwenye friza kuna vifuko 38 vya ml 150, vya zamani kabisa vina miezi miwili. Dada anayemlea ampe yaliyokamuliwa jana, au aanze na ya friza yasije yakazeeka? Tofauti ipo kweli? La pili, nikiyeyusha ya friza yananuka kama sabuni na mtoto anayatema, ya friji anayamaliza. Yameharibika? Niyamwage?

MkungaZamu
Usimwage chochote kwanza.

Tofauti ipo, ila haifikii inavyosemwa. Kugandisha kunaua chembe nyeupe hai zilizomo kwenye maziwa, vitamini C hupungua kadiri miezi inavyokwenda, na mafuta kiasi hubaki yamenata kwenye kuta za kifuko. Kingamwili nyingi, IgA hasa, zinabaki. Kwa hiyo utaratibu ni huu: titi lenyewe kama upo, kisha ya leo, kisha ya friji, ya friza mwisho. Maziwa ya leo pia yanaendana na umri wa mtoto wa leo, na yana kinga dhidi ya vijidudu unavyokutana navyo wiki hii.

Muda wa kushika kichwani: yaliyotoka kukamuliwa, kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, masaa 4. Friji ya nyuzi 4, siku 4. Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, miezi 6 ndiyo bora, mwaka ndio mwisho. Hayo ni ya friza yenye mlango wake. Kile kisanduku cha barafu kilicho ndani ya friji ya mlango mmoja hakishiki baridi hiyo. Humo hesabu wiki 2.

Hofu ya kuzeeka inaondoka ukipanga wiki. Ya Jumatatu yaliwe Jumanne, ya Jumanne Jumatano, hivyo hivyo mpaka Ijumaa. Ya Ijumaa yaende friza, na Jumatatu dada atoe vifuko viwili vya zamani kuliko vyote. Viwili kwa wiki, 38 vinaisha kwa wiki 19, yaani miezi minne na kitu. Hata kifuko ulichogandisha jana kitanyweka kabla ya miezi 6, na akiba haipungui kwa sababu kila Ijumaa unaongeza.

Haya yote ni kwa mtoto mwenye afya aliyezaliwa siku zake zikiwa zimetimia. Njiti aliyeko wodini ana masharti mengine, fuata ya wodi.

sufuria_ndogo
Hiyo harufu ya sabuni ni lipasi, kimeng'enya cha kwenye maziwa yenyewe kinachokata mafuta ili mtoto ayasage kwa urahisi. Wengine wanacho kingi. Baridi ya friza haikizimi, inakipunguza mwendo tu, ndiyo maana kifuko cha miezi miwili kinanuka kuliko cha wiki mbili. Hayajaharibika na hayana madhara. Kinachogomba ni ladha. Yaliyoharibika yananuka uchachu mkali, kama maziwa yaliyolala nje. Ukishanusa yote mawili hutayachanganya tena.

Dawa ni kuyapasha KABLA ya kugandisha. Sufuria safi, moto mdogo, koroga. Ngoja vipovu vidogo vizunguke ukingoni na mvuke uanze kupanda, yasichemke. Mwenye kipimajoto azime ikigonga nyuzi 82. Papo hapo kalisha sufuria kwenye beseni la maji ya barafu, koroga mpaka yapoe, mimina kwenye vifuko, gandisha. Ukiyapasha baada ya kuyeyusha, ladha haigeuki, mafuta yameshakatwa.

Kwako kuna nafuu: mtoto anamaliza ya friji ya jana, maana yake yanakaa siku nzima kabla ladha haijageuka. Basi si lazima uhangaike na jiko kazini, pasha jioni ukirudi. Na pasha yale ya Ijumaa tu yanayokwenda friza. Moto unapunguza kinga kiasi, hakuna sababu ya kuyaunguza anayoyanywa bila shida.

Vile 38 ulivyonavyo, changanya. Anza ml 30 ya friza kwa ml 90 ya friji, yote yakiwa ya baridi. Akikubali siku mbili tatu, panda nusu kwa nusu. Mchanganyiko unafuata saa ya yaliyoyeyushwa, yaani saa 24 ndani ya friji, sio ya yale mapya.

chupa_safi
Naongezea upande wa dada, maana huko ndiko maziwa mengi yanakopotelea.

Kifuko cha ml 150 ni kikubwa. Mtoto wa umri huo anatumia kama ml 30 hadi 45 kwa saa akiwa mbali na mama, kwa hiyo kila masaa matatu ni ml 90 hadi 135. Kuanzia sasa gandisha 60 na 90. Vile vikubwa dada akiyeyusha amimine 90 kwenye kikombe au chupa, 60 zirudi friji bila kuguswa na mdomo. Kilichoguswa na mdomo kina masaa 2 tangu mtoto amalize, kisha kinamwagwa, kwa sababu mate yanaingiza bakteria.

Kuyeyusha: hamisha kifuko kwenye friji usiku, kiweke ndani ya bakuli, vifuko hupasuka pembeni na hutajua mpaka uone rafu imelowa. Zile saa 24 zinaanza pale barafu ya mwisho inapoisha. Kukitoa friza hakujaanzisha hesabu. Wengi wanakosea hapo na kumwaga maziwa mazima. Nje ya friji, yaliyoyeyuka yana saa 1 hadi 2. Hayagandishwi tena.

Kupasha: bakuli la maji ya uvuguvugu, maziwa yenyewe yasipite nyuzi 40. Maikrowevu hapana, juu yanakuwa ya kawaida, katikati yanababua ulimi. Dondoshea ndani ya kiwiko cha mkono: yawe vuguvugu tu, yakichoma bado ni ya moto mno. Akiyanywa ya baridi, mpe ya baridi. Mafuta yakijitenga juu, zungusha chupa taratibu hadi ukuta usibaki na utando mweupe.

mama_k4
Asanteni sana. Mawili ya mwisho: naweza kumimina ya saa nane juu ya ya saa nne? Na umeme ukikatika?

MkungaZamu
Unaweza, ila poza kwanza. Ya saa nane yakae friji kama saa moja kwenye chombo chake, ndipo uunganishe, na tarehe iwe ya yale ya kwanza. Ya vuguvugu juu ya yaliyoganda hapana, yanayeyusha tabaka la juu. Jaza kifuko ukiache nafasi ya vidole viwili, maziwa yanafura yakiganda, na ukilaze bapa.

Umeme ukikatika usifungue friza. Iliyojaa hushika kama saa 48, ya nusu 24. Ukirudi, kifuko chenye chembe za barafu ndani kinaruhusiwa kugandishwa tena. Kilichoyeyuka chote lakini bado ni baridi kama cha friji kinanywewa ndani ya siku moja.

Taabu ni umeme uliokatika na kurudi wakati hampo. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache humo humo friza. Ukiikuta imedidimia kidogo tu, maziwa yalilegea hayakuyeyuka. Ukiikuta chini kabisa, yaliyeyuka yote yakaganda upya na hujui yalikaa masaa mangapi. Hayo sasa ndiyo ya kumwaga.