Pebbles aliwashinda madume, mbona mbio zake ni za majike tu?

mama_pweza:
Wakuu, habari za jioni. Nina banda la supu ya pweza na chapati hapa Chikongola, Mtwara, linatazamana na ofisi ya kubeti. Msimu wa korosho ndio huu, vijana wana hela, na mpira ukichelewa wanaangukia farasi wa Marekani. Jana usiku ikapita Pebbles Stakes. Mmoja akaniambia hapo ni majike wa miaka mitatu peke yao, maili moja kwenye nyasi, na kwamba Pebbles mwenyewe, jike aliyepewa mbio hizo jina lake, aliwatoa madume jasho. Sasa mbona madume hawaruhusiwi? Ni kama kumpa mjukuu jina la bibi aliyeua chui, halafu unamfungia uani. Na tipsi za kubeti sitaki, chapati zinanitosha.

ngalawa_lindi:
Dada, kijana hakukudanganya. Pebbles alikuwa farasi wa Uingereza, mkufunzi wake Clive Brittain. Mwaka 1984 alichukua 1000 Guineas pale Newmarket, nazo ni za majike tu. 1985 ndiyo ilikuwa balaa. Alichukua Eclipse Stakes kule Sandown, ambayo jike hakuwahi kuichukua kabla yake. Akachukua na Champion Stakes. Novemba wakampandisha ndege mpaka New York kwa Breeders' Cup Turf, uwanja wa Aqueduct. Mpanda farasi wake, Pat Eddery, akampenyeza ndani kabisa, kando ya uzio, pamoja na msongamano wote ule, wakamzidi dume Strawberry Road kwa urefu wa shingo tu. Shingo, baada ya maili moja na nusu!

Swali lako jibu lake ni biashara. Jike akishinda mbio kubwa, thamani yake inapanda na ya watoto atakaozaa pia, hata kama hatakimbia tena. Wenye mali wanataka pa kuupatia ushindi huo bila kuvaana na madume kila mara.

bandari_kavu:
Mmesahau la maana: alikuwa anapewa bia ya Guinness! Halafu mwoga, hatulii bila rafiki yake, farasi mwenzake aitwaye Come On The Blues.

mama_pweza:
@bandari_kavu wewe umekuja kunichekesha. @ngalawa_lindi, ya bei nimeelewa, kaka. Lakini sifa yake aliipata kwa madume. Wangeacha mlango wazi, anayeogopa abaki nyumbani.

ngalawa_lindi:
Mlango upo dada, ila si huo. Breeders' Cup Turf yenyewe majike wanaingia, tena wanapunguziwa uzito wa kubeba kilo moja na kitu. Miss Alleged aliichukua 1991, Found 2015, Enable 2018.

mama_pweza:
Watatu hao! Kesho nawauliza wale mabingwa wa mkeka kama wanamjua hata mmoja. Asiyejua supu yake haina ndimu.