Mkesha kichwa-chungwa: mwenye mistari shavuni na asiye nayo, ni ndege mmoja?

Chiriku:
Salaam wadau. Nipo Chennai kimasomo, na muda wangu wa mapumziko naumalizia kwa ndege. Nina picha mbili za mkesha kichwa-chungwa, Geokichla citrina, na hazipatani.

Ya kwanza niliipiga Ganeshgudi, karibu na Dandeli kule Karnataka, pale Old Magazine House wanapowawekea ndege maji ya kuoga. Alikuja jioni, akaoga, kisha akasimama ukingoni anajikung'uta. Uso mweupe, koo jeupe, na kila shavu lina mistari miwili ya giza inayoshuka wima chini ya jicho, kama wanja uliochuruzika. Utosi na kifua ni rangi ya chungwa.

Ya pili ni ya Novemba hii, Hifadhi ya Guindy, hapa hapa mjini. Alikuwa chini kichakani, anapekua majani makavu kwa mdomo. Umbo ni lile lile, mgongo wa kijivu-bluu, baka jeupe begani. Lakini kichwa chote ni chungwa tupu, shavu halina jeupe wala mstari, jicho jeusi linaonekana kubwa peke yake. Kitabu changu kina mchoro mmoja tu, ule wa mistari. Je, huyu wa Guindy ni jike? Ni kinda? Au ni ndege mwingine kabisa?

Shorewanda:
Mimi nadhani ni jike. Kwa ndege wengi jike ndiye hukosa mapambo.

Kwarara:
Ndugu Shorewanda, kwa mkesha huyu shavu halisemi dume wala jike. Jike wa kusini naye ana mistari ile ile miwili. Ukitaka jinsia, tazama mgongo: dume ana kijivu-bluu safi, jike mgongo wake umeingiwa na rangi ya zeituni na mabawa yake yamekuwa ya kahawia zaidi. Kinda amefifia, wa kahawia, na ana michirizi myepesi mgongoni. Chiriku, kwa maelezo yako, wa Guindy ni dume mzima.

Tofauti ya picha zako ni ya kwao, yaani walikotoka. Wa Ganeshgudi ni nususpishi (kundi ndani ya spishi moja, lenye sura na eneo lake) iitwayo cyanota, mwenyeji wa rasi ya India mwaka mzima, ambaye Jardine na Selby walimpa jina mwaka 1828. Wa Guindy ni citrina yenyewe, ile ambayo John Latham aliieleza mwaka 1790. Huyo huzaa kwenye misitu ya chini ya Himalaya, na baridi ikikaribia huteremka. Wapo wanaokwenda Bangladesh, wapo wanaoingia rasini, na wachache hufika hadi Sri Lanka. Kwa hiyo mkesha wa kichwa kitupu Chennai mwezi Novemba ni msafiri, na umebahatika kumkuta safarini. Ungeniambia umemwona huyo huyo Dandeli mwezi Julai, hapo ningekuomba picha kabla sijasema lolote.

Naomba niseme jambo moja ambalo nalijali sana, kwa sababu naona watu wanaandika majina ya nususpishi kwa kuangalia ramani tu. Kusini ya India wakati wa baridi hawa wawili wanaweza kuwa msitu mmoja. Ramani haitakusaidia, shavu ndilo litakalokusaidia, na shavu lenyewe ni gumu kuliona. Ndege huyu anapenda mahali penye kivuli na unyevu, makorongo, vichaka vya mianzi, na muda mwingi anakupa mgongo. Kiini cha msitu kikiwa na giza, shavu jeupe huonekana la njano kwa mwanga unaopita kwenye majani. Mimi ndege ambaye sikumwona shavu lake vizuri namwandika kwa jina la spishi tu, Geokichla citrina, naishia hapo. Kumbukumbu pungufu lakini ya kweli inamfaa atakayekuja kuchunguza safari zao kuliko jina refu la kubahatisha.

Na masikio yasikae bure. Mvua za monsuni zikianza, cyanota wa Western Ghats, milima ya magharibi ya India, huanza kuzaa, na hapo ndipo huimba hasa, alfajiri na jioni, akiwa amejificha kwenye majani ya mti. Sauti yake ni nene, tamu, yenye vipande vingi, na ndani yake anaiga ndege wengine: shorewanda, hata yule shonaji mdogo. Nimewahi kumfuata shorewanda mti kwa mti nikijua ni shorewanda, kumbe kifua kilichojitokeza kwenye majani kilikuwa cha chungwa. Akishtuka, anatoa ukelele mkali wa kukwaruza, na hapo hutamdhania mwimbaji yule yule.

Shorewanda:
Nimekuelewa. Lakini kama sura zinatofautiana hivyo, kwa nini wasiwe spishi mbili?

Kwarara:
Swali zuri. Ukiuacha uso, wanafanana karibu kila kitu: ukubwa wa sentimita 20 na ushee, baka la begani, namna ya kupekua majani, hata makazi. Na mistari ya shavuni haiko rasi ya India peke yake. Ukienda mbali mashariki, Vietnam na kisiwa cha Hainan, kuna nususpishi aurimacula ambayo nayo ina mistari usoni, ilhali katikati yao kuna wenye vichwa vitupu. Kwa hiyo uso pekee ni msingi dhaifu wa kugawa spishi.

Chiriku:
Asante sana, mkuu. Nimeikuza tena picha ya Guindy: shavu ni chungwa mpaka kooni, na upande wa bawa hakuna kahawia kabisa. Naiandika citrina, dume. Mwezi wa pili natarajia kwenda visiwa vya Andaman. Huko nitafute nini?

Kwarara:
Huko kuna andamanensis, na visiwa vya Nicobar vina albogularis. Wote hawana mistari, kwa hiyo usihangaike na shavu, kisiwa chenyewe ndicho kitakachokuongoza. Amka mapema, keti karibu na kijito ndani ya msitu, usiwachezee sauti ya kurekodi. Sikiliza majani makavu yanayorushwa, huwa unamsikia kabla ya kumwona. Picha ukizipata zilete hapa, tarehe na mahali ukiandika kwa usahihi.