Alifungua dirisha mbele ya baba mkwe wangu kwa sababu nilisema Buffalo ilistahili uwanja wenye kuba

Mwana wa Nyarugusu (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, ninaandika haya vidole vikiwa bado havijarudi katika hali yake. Saa tatu zilizopita, katika sebule ya mtu ambaye sote tunamheshimu hapa Buffalo, bwana mmoja aliinuka katikati ya maongezi, akaruka miguu ya wazee, akaenda moja kwa moja hadi kwenye dirisha kubwa linaloelekea upande wa ziwa, akalifungua. Alilifungua lote. Ni mwezi wa kwanza. Baba mkwe wangu, ambaye hajatimiza wiki mbili tangu afike kutoka Kigoma, alikuwa ameketi chini ya dirisha hilohilo na sahani ya pilau magotini.

Sina haja ya kumtaja jina, kwa maana mnamjua. Ni yule anayevaa jezi ya Bills, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, juu ya suti katika kila harusi, na katika misiba huivaa ndani ya koti akidhani hatuioni. Ni yule ambaye akianza kuzungumzia futiboli ya Kimarekani, hata mtoto mchanga huomba kupelekwa nyumbani.

Kosa langu lilikuwa sentensi moja. Nilisema kwamba uwanja mpya wa Bills huko Orchard Park, kusini mwa mji, wa mwaka huu wa 2026, ungejengwa na kuba juu yake, kwa sababu mji ambao kila mwaka unazikwa na theluji ya Ziwa Erie hauwezi kuendelea kuwaketisha watu nje kama magunia ya mkaa. Hapo ndipo aliposimama. Akasema kwamba mtu wa Nyarugusu hawezi kumfundisha mtu wa Buffalo habari za theluji, na kwamba anayetaka kuba arudi kwenye jua lake. Kisha akafungua dirisha ili, kwa maneno yake mwenyewe, nipate elimu.

Mtu wa Buffalo! Huyu bwana alinitangulia kufika hapa kwa miaka 3 tu, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, tulikaa moja.

Tena ananiambia mimi habari za theluji. Mwezi wa kwanza wa 2024, mechi ya mtoano dhidi ya Pittsburgh ilipoahirishwa kutoka Jumapili hadi Jumatatu kwa sababu uwanja ulikuwa umefukiwa, timu iliomba watu wenye makoleo waende kusafisha viti kwa dola 20 kwa saa. Mimi nilikwenda. Nilichota theluji mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na bado siku ya mechi watu waliketi katikati ya theluji kama vifaranga katika kiota, wakiirusha hewani kila tulipofunga. Tulishinda 31 kwa 17. Yeye siku hiyo alikuwa chini ya blanketi, nami ninajua kwa sababu alinipigia simu kuniuliza kama barabara zimefunguliwa.

Nalirudia lile dirisha kwa sababu siwezi kuliacha. Upepo uliingia kwa nguvu hadi pazia likamfunika mwenye nyumba usoni. Mafuta ya pilau yaliganda tukiyatazama. Chai ya tangawizi, iliyokuwa ikitoa moshi, ilikoma kutoa moshi papo hapo kana kwamba imekatazwa. Baba mkwe wangu, mzee asiyepandisha sauti, aliniinamia akaniuliza taratibu: "Mwanangu, hapa ndipo ulipomleta binti yangu?" Niliishiwa la kumjibu.

Jimbo la New York limetoa dola milioni 600 kwa uwanja huo, na kaunti ya Erie milioni 250. Hizo ni milioni 850 za fedha za umma, na tulichopata juu ya vichwa vyetu ni mwavuli unaofunika kiasi cha asilimia 65 tu ya viti. Nyasi zimewekewa joto kwa chini. Nyasi! Mimi ninalipa kodi, nyasi zinapashwa joto, na mtu anafungua dirisha mbele ya mkwe wangu.

Nimemaliza. Mwenye la kusema aseme.

Koleo la Mtaa wa Magharibi

Pole sana, kaka. Ila nimesoma uzi wako wote nikitafuta mahali ulipoinuka ukalifunga hilo dirisha, na sijapaona. Ulikuwa na mikono miwili na koleo la mwaka 2024 ambalo hatutaacha kulisikia hadi tuzeeke. Mtu aliyesafisha uwanja mzima ameshindwa na kitasa cha dirisha.

Mama Sifa

Mimi nilikuwapo, tena nilikaa karibu na mzee kuliko wewe, mwanangu. Dirisha lilifunguliwa nusu. Na huyo unayemsema, ambaye kweli kila mtu anamjua, aliomba radhi kwa mzee alipokuwa anaondoka.

Mwana wa Nyarugusu

Mama, shikamoo. Kwa heshima zote, lilifunguliwa lote. Nusu ya kwanza aliifungua kwa mkono, nusu ya pili kwa bega, kwa kuwa fremu ilikuwa imegandia barafu. Radhi aliyoomba aliiomba akiwa amekwisha kuvaa viatu.

Jibini la Green Bay

Ninawasalimu kutoka Wisconsin, nami ninamuunga mkono huyo bwana wa dirisha kwa asilimia mia. Tarehe 31 Desemba 1967, hapa Lambeau Field, timu yetu ya Packers iliwafunga Dallas 21 kwa 17 katika baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Mitambo ya kupasha joto uwanja ilishindwa kazi, na filimbi za waamuzi ziliganda midomoni, wakachezesha kwa kupiga kelele. Zaidi ya miaka 50 imepita na watu wanaisimulia mechi hiyo kama waliokuwa vitani. Nitajie mechi moja ya chini ya kuba ambayo babu yako angemsimulia mjukuu. Baridi ni mchezaji wa kumi na mbili. Ukiweka paa, umemuuza mchezaji wako bora bila kulipwa.

Hesabu za Upepo

Huyo mchezaji wa kumi na mbili, bwana Jibini, hapa Buffalo huchezea timu zote mbili. Ni kweli kwamba mwezi wa kwanza wa 2022, katika nyuzi 14 chini ya sifuri, tuliwafunga New England 47 kwa 17, na watu wakaimba kwamba baridi ni yetu. Lakini wiki chache kabla ya hapo, tarehe 6 Desemba 2021, New England haohao walikuja hapahapa kukiwa na upepo mkali, wakarusha mpira mara 3 tu mechi nzima, wakakimbia nao mpaka wakatushinda 14 kwa 10. Mwezi wa kwanza wa 2023 theluji ilianguka vizuri, kila mtu akasema Cincinnati watateleza, na Cincinnati wakatufunga 27 kwa 10 wakicheza kana kwamba wamezaliwa ndani ya jokofu. Mrushaji wetu ana mkono ambao mji huu umeusubiri tangu miaka ya 1990, nasi tunamweka mahali ambapo upepo huamua mpira uende wapi. Mimi sijui habari za dirisha. Ninachojua ni kwamba mwenye mrushaji bora hujengewa nyumba isiyo na upepo.

Koleo la Mtaa wa Magharibi

Huyu angalau amejibu kitu. Mwanzisha uzi alitupa nyasi na pilau.

Zambarau ya Minneapolis

Naomba niwaambie ninyi mnaolilia kuba kama watoto wanaolilia pipi, kwa kuwa sisi huku Minnesota tumeishi pande zote mbili. Tulikuwa na Metrodome, ambayo paa lake lilikuwa kitambaa kilichoshikiliwa na hewa. Alfajiri ya tarehe 12 Desemba 2010 theluji ililemea kitambaa hicho, kikapasuka, na theluji yote ikamwagika uwanjani kama unga unaomwagwa kutoka guniani. Mechi na New York Giants ikahamishiwa Detroit. Kwa hiyo hata kuba lina theluji yake, isipokuwa ya kuba huanguka yote kwa siku moja.

Kisha, tulipokuwa tukisubiri uwanja mpya, tulicheza misimu 2 nje, na tarehe 10 Januari 2016, katika baridi ya nyuzi 21 chini ya sifuri, mpigaji wetu alikosa mkwaju wa yadi 27, mkwaju ambao shangazi yangu angeupiga akiwa amembeba mtoto mgongoni. Tukafungwa na Seattle 10 kwa 9. Siku hiyo nilitamani kuba kuliko nilivyowahi kutamani mvua nyumbani. Leo tuna uwanja wa mwaka 2016, paa lake limeinama ili theluji iteremke na sehemu yake inapitisha mwanga, na Super Bowl, yaani fainali ya ligi, ya 2018 ilichezewa humo wakati nje kila kitu kimeganda. Buffalo isiyo na kuba haitaiona Super Bowl nyumbani kwake mpaka ziwa likauke.

Jibini la Green Bay

Buffalo na Super Bowl? Walicheza 4 mfululizo, 1991 hadi 1994, wakapoteza zote, na 2 kati ya hizo zilikuwa chini ya kuba, Minneapolis na Atlanta. Kuba liliwasaidia nini?

Mwana wa Nyarugusu

Naomba turudi kwenye jambo lililotuleta hapa. Mtu alifungua dirisha. Mzee wa miaka 71 alikuwa chini yake.

Dada wa Cleveland

Samahani, Mwana wa Nyarugusu, tumekusikia, lakini ninyi watu wa Buffalo mnalalamika huku mmeshiba. Mnalalamikia kuba mlilonyimwa, njooni hapa Ohio mwone tunavyolilia kuba tunalopewa. Timu yetu imepanga kuhama kutoka uwanja wa kandokando ya ziwa, katikati ya mji, kwenda Brook Park kwenye uwanja ulioezekwa, na bunge la jimbo katika bajeti ya 2025 liliidhinisha dola milioni 600, zikitoka katika fedha ambazo wenyewe hawajakuja kuzidai. Mtu amesahau akiba yake benki, na akiba hiyo imegeuka vigae vya paa. Mimi ninafanya usafi katika mahoteli ya katikati ya mji. Siku za mechi ndizo zinazotujazia vyumba. Paa hilo linalowapendeza linakwenda karibu na uwanja wa ndege, na mimi kazi yangu haina magurudumu.

Hesabu za Upepo

Dada, pole. Lakini usisahau kwamba mwezi Novemba 2022 timu yako na yetu zililazimika kukutana Detroit, chini ya kuba la watu wengine, kwa sababu Orchard Park ilikuwa imepata theluji ya karibu mita 2. Mwaka 2014 ilikuwa hivyohivyo na New York Jets. Mara mbili timu yetu imekuwa mgeni kwa mechi ambayo ni ya nyumbani, na wauza chakula, walinzi na wenye maegesho wa hapa walikosa siku nzima ya kazi. Hilo pia ni hesabu ya kuba, na sijamsikia mwanasiasa yeyote akiipiga.

Dereva wa Usiku

Sasa mmefika panapouma. Tatizo la mwaka 2022 halikuwa viti. Upepo wa baridi unapita juu ya maji ya ziwa ambayo bado yana joto la kiangazi, unabeba mvuke, unaumwaga theluji katika ukanda mwembamba, na ukanda huo unapenda kuangukia kusini mwa mji, huko huko Orchard Park. Siku hizo mtaani kwetu unaweza kufagia kwa ufagio wa kawaida, na upande wa uwanja milango haifunguki. Hata ungekuwa na kuba la dhahabu, mechi isingechezwa, kwa sababu hakuna gari lililoruhusiwa barabarani. Kuba halisafishi barabara. Makosa yalifanyika 1973 walipoufungua uwanja huko mbali, na yamerudiwa walipoamua kuujenga mpya ng'ambo ya barabara ileile badala ya kuuleta mjini, ambako mtu asiye na gari angefika kwa miguu au kwa treni.

Mama Sifa

Hapo umenena, baba. Kijana wangu anauza vinywaji uwanjani. Mechi ikiisha usiku, humsubiri mtu wa kumpa lifti kwa saa nzima, amesimama penye upepo. Wanaobishana juu ya paa wana magari.

Zambarau ya Minneapolis

Huku kwetu treni inasimama mlangoni pa uwanja. Nilisahau kulitaja hilo.

Koleo la Mtaa wa Magharibi

Treni mlangoni! Sisi yetu inaishia mjini, na kutoka hapo hadi Orchard Park ni kubahatisha. Mwaka jana jirani yangu alimlipa mtu dola 40 aegeshe gari kwenye ua wake, akarudi akalikuta limezibwa na magari mengine 6, akatoka huko saa nane za usiku. Mwenye ua alikuwa amelala.

Mwana wa Nyarugusu

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza hali ya mzee.

Dereva wa Usiku

Dola 40 ni nafuu. Nani anajua bei ya maegesho kwa uwanja mpya? Na je, ni kweli nafasi zimepunguzwa?

Mama Sifa

Mzee anaendelea vizuri, nimempelekea supu. Kuhusu maegesho, kijana wangu aliniambia kwamba wafanyakazi wataegesha mbali zaidi kuliko zamani. Nitamuuliza akirudi kazini nikuandikie.