Shilingi 1,000 ya lishe ya mtoto: kwenye bajeti imo, kijijini haifiki

mdau_wa_kijiji
Wadau, kijiji chetu (vijijini mkoani Mtwara huku, halmashauri siitaji) kina watoto 420 wa chini ya miaka mitano. Halmashauri inatakiwa kutenga sh 1,000 ya lishe kwa kila mtoto kutoka mapato yake ya ndani; kwetu ni sh 420,000 kwa mwaka. Kwenye bajeti imo. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inatakiwa kila robo. Mwaka jana imefanyika mara moja. Jibu ni "fedha haijaingia". Tubane wapi?

Robo ya Pili
Mkuu, kutengwa si kutolewa. Halmashauri za Newala, Tandahimba, Nachingwea au Ruangwa zinategemea sana ushuru wa korosho, na minada ya stakabadhi ghalani (mzigo wa wakulima unakusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada) huanza Oktoba hivi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kwa hiyo robo ya kwanza mfuko mkavu, ya pili fedha inamiminika, halafu inaanza kukauka huku posho, mafuta na madeni vikiwa mbele ya foleni. Afisa lishe akigawa fungu lake sawasawa kwa robo nne, amejifunga mwenyewe. Apange sehemu kubwa itoke Oktoba hadi Desemba, anunue visivyooza: mizani ya kuning'iniza, tepi za mkono, madaftari. Robo nyingine zibaki na nauli za wahudumu.

Makabrasha
Mtendaji aandike barua kwa afisa lishe, nakala kwa diwani na mganga mkuu wa wilaya. Maswali matatu tu: idadi ya watoto iliyotumika kwenye hesabu (makadirio ya sensa au rejista ya kijiji?), kiasi kilichotoka kila robo, na kililipia nini. Hilo la mwisho ndilo lenye mchezo, maana semina ya ukumbini nayo huandikwa "lishe". Mkataba wa lishe wa wakuu wa mikoa (wa kwanza ulisainiwa 2017) unashuka hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, na utoaji wa fedha ni kipimo kimojawapo. Diwani akisimama barazani na namba, atajibiwa. Akisimama na malalamiko, ataambiwa suala linafanyiwa kazi.

Tepi
Mkisubiri hayo, pimeni. Mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko wa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia. Chini ya sm 11.5 ni nyekundu (utapiamlo mkali): kituoni leo leo. 11.5 hadi 12.4 njano. 12.5 kwenda juu kijani. Makosa ni yale yale: tepi kukazwa hadi ngozi inabonyea, au kupima juu ya shati. Bonyezeni pia sehemu ya juu ya nyayo zote mbili kwa sekunde tatu. Shimo likibaki, mtoto aende kituoni hata kama tepi inasema kijani.

Msimu wa korosho msiwasubiri akina mama ofisi ya kijiji, wamehamia mashambani. Kaeni ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) siku ya kupima mzigo.

mdau_wa_kijiji
Barua inaandikwa. Na wa njano anapewa nini? Chakula dawa (kile cha pakiti cha kutibu utapiamlo)?

Tepi
Hapana, hicho kwa kawaida ni cha wekundu. Wa njano ni ushauri wa ulishaji na kupimwa tena. Kwetu tatizo ni uji wa muhogo mtupu: unajaza tumbo, protini karibu hakuna. Utiwe karanga au korosho zilizosagwa laini kabisa, na dagaa wa unga. Hata korosho zilizovunjika wakati wa kubangua zinafaa vilevile.